Kengele ya Chuma, Kengele ya Mti

Katika shule nyingi za kaskazini mashariki mwa Kenya, kengele ni rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwa waya kwenye tawi la mgunga, na pembeni yake kipande cha nondo cha kuigongea. Sauti yake hufika mbali, maana nchi ni tambarare na hakuna kilima cha kuizuia. Lakini iko kengele nyingine inayosikika hapo hapo, ngamia wanapoupita uwanja wa shule kwenda kunywa maji. Wasomali huiita koor. Huchongwa kwa mti, hufungwa shingoni mwa ngamia, na hugota polepole kama mtu anayebisha mlango wa mbao bila haraka. Rimu inamwita mtoto darasani. Koor inamwambia kwamba ngamia wanapita, na pengine yumo yule mdogo aliyezaliwa juzi ambaye bado miguu haijamtii.

Hadado iko magharibi ya mji wa Wajir, katika eneobunge la Wajir Magharibi. Ni nchi ya mchanga, migunga na visima, na mali yake kubwa hutembea kwa miguu minne. Tumchukue mtoto mmoja wa huko, asiye na jina, aliyeundwa kwa kumbukumbu za wengi. Ukimkuta leo akiwa mwanafunzi wa chuo Garissa au Nairobi, ukamwomba akusimulie shule, atacheka kabla ya kuanza. Hacheki kwa dharau. Anacheka kwa sababu alisoma miaka minane vitabu vilivyojua kila kitu duniani isipokuwa ngamia, na yeye alikuwa mtoto aliyejua ngamia kabla ya kila kitu duniani.

Siku yake haikuanza na rimu. Ilianza alfajiri duksini, chuo cha Kurani, akiwa na loox mkononi, ubao mrefu wa kuandikia aya. Wino wake ni masizi ya mkaa yaliyokorogwa na maji, kalamu yake kijiti kilichochongwa ncha. Aya ikishahifadhiwa, ubao huoshwa na aya nyingine huanza. Herufi alijifunza kwa njia ambayo Wasomali wameitumia kwa mamia ya miaka. Mapokeo yanamtaja Sheikh Yusuf al-Kawneyn, wanayemwita pia Aw Barkhadle, kuwa ndiye aliyezipa irabu za Kiarabu majina ya Kisomali ili watoto wa wafugaji wasikwame mlangoni: kordhabay kwa alama ya juu, hoosdhabay kwa alama ya chini, godan kwa ile iliyojikunja. Watoto huziimba kwa sauti moja, wakiyumba mbele na nyuma, mpaka jirani anayepita na punda wake naye anayumba.

Sasa mpeleke mtoto huyo darasa la kwanza. Mwalimu anaandika herufi "a" ubaoni na kuuliza inasomwaje. Kwa mtoto wa duksi swali hilo halijakamilika. Alifu moja ina sauti tatu, a, i na u, kulingana na ilivyowekewa alama, kwa hiyo anazitoa zote tatu ili mwalimu achague anayoitaka. Akipewa daftari, analifungua kutoka nyuma na kuanza kuandika kulia kwenda kushoto, kwa mwandiko safi kabisa. Mwalimu mwenye subira hugundua baada ya wiki chache kwamba hana mbele yake mtoto asiyejua kusoma. Ana mtoto anayejua kusoma tayari, ila ameingia nyumba ileile kwa mlango mwingine.

Kisha rejista.

Mwalimu mgeni kutoka Kisii, Machakos au Kakamega hufahamiana na Wasomali kwanza kwenye ukurasa huo. Akiita "Abdi", wanasimama kadhaa. Akiita "Mohamed", inasimama nusu ya safu. Akiona amepata ufumbuzi, anamuuliza mtoto jina la baba yake, na hapo ndipo anapofungulia mto. Mtoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi, orodha ya mababu, tangu akiwa mdogo, na heshima yake iko katika kuitaja bila kujikwaa. Basi anaanza: baba, babu, baba wa babu, anapita wa saba, anapita wa kumi, anavuta pumzi, anaendelea. Rejista ya serikali ina nafasi ya majina matatu. Mtoto haelewi kwa nini mwalimu ameacha kuandika wakati bado hawajafika hata kwenye watu wenye sifa.

Ndiyo maana lakabu zina kazi kubwa pale. Kwa Kisomali huitwa naanays, na desturi yake ni kusema kile ambacho jicho linaona: Dheere kwa mrefu, Gaab kwa mfupi, na kadhalika mpaka kwenye meno na masikio. Hakuna mkubwa anayesalimika. Siad Barre, rais wa Somalia, alijulikana kote kwa jina la Afweyne, Mdomo Mkubwa. Imamu Ahmed, jemadari aliyepigana na wafalme wa Uhabeshi katika karne ya 16, hadi leo anatajwa kama Ahmed Gurey, yule wa mkono wa kushoto. Kwa hiyo mtoto anayeshika penseli kwa kushoto huambiwa duksini ahamishie kulia, na uwanjani anaitwa Gurey, na akirudi nyumbani anajua kwamba kasoro yake iliwahi kuongoza majeshi. Darasa la watoto hamsini wenye majina rasmi kumi tu lingekuwa fujo bila lakabu. Mwalimu mwenye busara hujifunza lakabu hizo mapema, na siku anaposikia kwa bahati ile aliyopewa yeye, ajue kwamba amekubaliwa.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina hadithi yake. Wazee wa huko hupima miaka kwa matukio: ukame wa 1984, ukame wa 1991 na 1992, mafuriko ya El Niño yaliyoanza mwishoni mwa 1997 na kugeuza barabara kuwa mito. Mama akiulizwa mwanawe alizaliwa lini, anaweza kukuambia mvua ilikuwa imenyesha mara ngapi na ni ngamia gani alikuwa akinyonyesha. Ni jibu lenye habari nyingi kuliko tarehe, lakini fomu haina pa kuliweka. Karani anaandika 1 Januari. Ndiyo sababu ukipita katika shule za kaskazini mashariki unaweza kukuta madarasa ambayo karibu watoto wote walizaliwa siku moja, mwezi mmoja. Kwa baadhi yao majina yenyewe yanasema ukweli ambao karatasi imeukosa: Roble ni mtu wa mvua, aliyezaliwa wakati wa neema.

Somo lililowapa watoto hawa vicheko vingi zaidi, na mwishowe mapenzi makubwa zaidi, ni Kiswahili. Kwao ni lugha ya tatu au ya nne, baada ya Kisomali cha nyumbani na Kiarabu cha duksi, na sambamba na Kiingereza. Kinaanza kwa ukarimu. Sabuni ni saabuun, sanduku ni sanduuq, hesabu ni xisaab, dhahabu ni dahab, hatari ni khatar. Lugha zote mbili zilichota kisima kimoja cha Kiarabu, na mtoto anafurahi kukuta maneno ya nyumbani yamevaa kanzu nyingine.

Kisha inakuja herufi p. Kisomali hakina sauti hiyo, wala v, wala z. Pesa inakuwa "besa", viazi vinakuwa "fiasi", zawadi inakuwa "sawadi". Baba akipata bata, darasani inasikika kwamba baba amebata bata, na mwalimu anabaki akijiuliza kitenzi hicho maana yake nini. Lakini mtihani hasa ni imla. Mwalimu anasimama mbele na kusoma kwa sauti, taratibu, kifungu kuhusu papa aliyemvamia mvuvi baharini. Watoto wameinamia madaftari. Wanaandika wanachosikia, na wanachosikia ni neno wanalolijua. Mwalimu akikusanya madaftari jioni anasoma, ukurasa baada ya ukurasa, jinsi baba alivyoibuka kutoka majini, akafungua kinywa chenye meno makali, na kumla mvuvi. Wengine wameandika hivyo kwa masikitiko ya kweli. Baba alifika lini baharini, na mvuvi alimkosea nini?

Na ni lazima iwe bahari. Hili linastahili kusemwa bila kufichwa: vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa Wajir viliandikwa na watu waliokuwa wakiiwaza Mombasa, au mashamba ya mahindi ya Bonde la Ufa. Hali hiyo si ya kitabu kimoja. Kuanzia Masomo ya Msingi hadi Kiswahili Mufti cha Wallah Bin Wallah, vizazi vya Wakenya vilijifunza lugha hii vizuri, na watoto wa Hadado ni miongoni mwao. Hata hivyo mtoto huyu alikariri kwamba chombo cha majini kinaweza kuwa dau, mashua, ngalawa, jahazi au mtepe. Alikariri kwamba tunda la mnazi huanza kidaka, likawa dafu, likawa koroma, ndipo likawa nazi. Aliyajibu yote hayo kwenye mtihani na kupata alama, akiwa hajawahi kuona maji ambayo mtu hawezi kuvuka kwa miguu.

Halafu akaambiwa aandike insha juu ya mifugo ya nyumbani. Akajawa na furaha, maana hapa ndipo kwake. Kichwani yuko hal, ngamia jike. Yuko awr, dume wa kubeba mizigo. Yuko baarqab, dume la mbegu ambalo mtu halikaribii likiwa na hasira. Yuko qaalin, ngamia jike mchanga asiyezaa bado. Akaiuliza lugha ya vidaka na makoroma impe maneno ya watu hawa. Lugha ikampa neno moja: ngamia. Ngamia dume, ngamia jike, ngamia mkubwa, ngamia mdogo. Alihisi kama mtu aliyeulizwa habari za ukoo wake akaruhusiwa kusema "watu" tu.

Kuna msamiati mmoja, lakini, ambao kila mtoto aliyesoma Kiswahili nchini Kenya anaukumbuka kwa jasho. Ni vikembe, majina ya watoto wa wanyama. Kila mwalimu huupenda na kila mtahini huuvizia. Mtoto wa simba ni shibli. Wa samaki ni kichengo. Wa punda ni kiongwe. Wa sungura ni kitungule. Watoto wa Nairobi, wa Nyeri na wa Kisumu wote huyakariri kama majina ya miji ya ng'ambo, na wote husahau lile la ngamia. Mtoto wa ngamia ni nirigi.

Darasa zima la Hadado linaweza kujibu hilo bila kufungua kitabu, kwa sababu mtoto wa ngamia kwa Kisomali ni nirig.

Haihitaji mtaalamu wa lugha kuona undugu wa maneno hayo mawili. Kati ya madau na nazi, mbali kabisa na visima vya Wajir, neno la wafugaji lilikuwa limeingia kimya kimya na kukaa katika kamusi ya Kiswahili, likimngoja mtoto huyu. Waliofundisha sehemu hizo wanaweza kukadiria kelele ya siku hiyo: mikono yote juu, wengine wamesimama juu ya madawati, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kulitaja. Ni swali dogo la alama moja. Kwa mtoto anayeishi pembeni ya kitabu, ni mara ya kwanza kitabu kumwita kwa jina.

Insha zilibaki kazi ngumu. Desturi ya shule za Kenya ni kupamba mwanzo: majogoo yamewika, umande unametameta juu ya nyasi, ndege wanatumbuiza mitini. Mtoto wa Hadado alipamba pia, kwa bidii, ingawa wafugaji wa kuhamahama kwa kawaida hawafugi kuku, na umande kwao ni jambo la kusimuliwa. Ndege aliyemfahamu zaidi ni korongo mwenye upara, yule marabou, anayetembea katika mitaa ya Wajir kwa hatua za afisa aliyestaafu. Korongo hatumbuizi. Hugonganisha mdomo tu. Hakuna aliyemweka kwenye insha, na hiyo ni hasara, kwa kuwa mwanzo wa insha wenye korongo ungemwamsha mtahini yeyote.

Ushairi ulikuwa na mgongano wake mtamu. Kiswahili kinapima mizani na kusaka vina mwishoni mwa kipande. Gabay, shairi la Kisomali, huwinda sauti ya mwanzo wa neno: mshairi akichagua herufi moja, huibeba kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mtoto aliyelala usiku mwingi akisikiliza wazee wakighani, akiambiwa atunge shairi la tarbia, sikio lake halitafuti mwisho wa neno. Linatafuta mwanzo wake. Mwalimu anakuta beti ambazo vina vimepotea kabisa lakini kila kipande kimejaa k, k, k, kama farasi anayekimbia juu ya mawe. Anatia alama nyekundu. Kwa kipimo cha mtihani, sawa. Lakini mtoto alikuwa ametunga shairi kamili, la nchi jirani.

Kisomali chenyewe kilipigwa marufuku katika shule nyingi, kama zilivyopigwa lugha zote za mama nchini. Kipande cha mbao kilitembea kutoka mkono hadi mkono. Aliyekamatwa akisema lugha ya nyumbani alikipokea na kumvizia mwenzake. Ngũgĩ wa Thiong'o ameieleza adhabu ya namna hiyo, aliyoiona Ugikuyu alipokuwa mtoto, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Wajir iko mbali na Limuru, kwao Ngũgĩ, lakini kipande kile kilijua njia. Watoto walikwepa kwa kunyamaza, na mchezo wa mpira wa watoto ishirini na wawili walionyamaza ni kitu cha ajabu kukitazama.

Maana mpira ulikuwepo. Ulikuwepo kila siku rimu ilipolia mara ya mwisho. Ulitengenezwa kwa matambara na nailoni, ukakazwa kwa kamba mpaka ukawa na umbo la karibu na duara. Goli ni makubazi mawili yaliyolazwa chini. Kikwazo kikubwa hakikuwa mabeki, kilikuwa miiba ya migunga, na ilikuwa sheria isiyoandikwa kwamba mchezaji akichomwa, pande zote mbili zinasimama, anayeona vizuri anauchomoa mwiba, na mchezo unaendelea pale ulipoachwa. Mei 31, 2002, Senegal ilipoifunga Ufaransa 1–0 katika mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia, habari haikuhitaji televisheni kuvuka jangwa. Redio zilikuwepo.

Redio ilikuwa shule ya wakubwa. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza kutangaza mwaka 1957, na katika miji midogo ya kaskazini mashariki saa yake ya jioni iliheshimiwa karibu kama ibada. Wazee walikusanyika mbele ya duka, chai ya maziwa mkononi, na mtoto aliyepita akipiga kelele alinyamazishwa kwa jicho tu. Hivyo ndivyo mtoto huyu alivyoweza kujua jina la katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa kabla ya kumjua afisa wa elimu wa wilaya yake. Walioishi katika miji mikubwa, Wajir na Garissa, walikuwa na shauku moja zaidi: vibanda vya video na filamu za Kihindi. Amitabh Bachchan alikuwa na marafiki wengi kule ambao hawakujua neno moja la lugha yake lakini walijua hasa wakati wa kulia.

Usiku ulikuwa wa hadithi. Dhegdheer, mwanamke mla watu mwenye sikio refu la kusikia hatua za mbali, aliwafanya watoto wakaribie moto. Igaal Shidaad aliwarudisha kucheka: mtu mwoga kuliko wote, ambaye kisiki cha mti kilimkesheza akidhani ni simba. Asubuhi, mwalimu wa Kiswahili akisema "Kitendawili!", mtoto aliujua mchezo tayari. Kwao mwito ni "googaa", na waliotega vitendawili moto ukizima hawashindwi na nyumba isiyo na mlango.

Shida ilikuwa kalenda. Muhula wa kwanza wa shule za Kenya huanza Januari, na Januari hadi Machi ndiyo jilaal, kiangazi kikali kuliko vyote, familia zinapohama na mifugo kutafuta maji na malisho. Serikali inafungua shule wakati ule ule nchi inapofunga. Mvua za gu' zinakuja Aprili, maziwa yanajaa, watoto wananenepa, na shule inafungwa kwa likizo. Mzazi wa mfugaji alilazimika kugawa watoto: huyu aende na ngamia, huyu abaki kwa shangazi karibu na shule. Aliyebaki alimwonea wivu aliyeondoka, na aliyeondoka alimwonea wivu aliyebaki kwa sababu moja kubwa, chakula cha shule. Mpango wa chakula shuleni kwa maeneo kame ulianza mwaka 1980 kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na uliendeshwa hivyo hadi serikali ya Kenya ilipokabidhiwa kikamilifu mwaka 2018. Mahindi na maharagwe, mafuta na chumvi, sufuria kubwa juu ya mawe matatu. Watoto waliozoea maziwa na nyama waliyatazama maharagwe kwa mashaka mwanzoni. Lakini kufikia saa sita mchana hakuna mtoto aliyehitaji rimu kumwambia ni saa ngapi.

Yako mambo ya kumbukumbu hizi ambayo hayachekeshi, na wasimuliaji huyapita wakiwa wameinamisha macho. Tarehe 22 Novemba 2014 watu 28 waliuawa katika basi lililotekwa karibu na Mandera, walimu wakiwemo. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa. Walimu wengi wa kutoka mikoa mingine waliondoka, na walikuwa na haki ya kuogopa. Madarasa yalibaki na ubao na chaki. Mahali pengine vijana waliomaliza kidato cha nne juzi walisimama mbele ya wadogo zao na kufundisha walichokumbuka. Mtoto aliyempoteza hivyo mwalimu wake wa Kiswahili hakuagwa. Aliona tu kwamba Jumatatu hakuja. Ile lakabu waliyompa ilibaki hapo kijijini bila mwenyewe, na hilo liliwauma watoto kuliko wakubwa walivyodhani.

Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kati ya miaka hiyo, kila mtoto wa darasa la nane wa Hadado alikaa na penseli ya HB akitia weusi kwenye vijisanduku vya majibu, na waliofaulu walipanda lori kuelekea shule za bweni. Mbuzi waliuzwa kwa ajili ya karo, na mwanafunzi alijua ni mbuzi gani, kwa rangi na kwa tabia. Kuna waliosema walisoma muhula wa kwanza wa sekondari wakimwaza mbuzi mweupe mwenye sikio lililochanika. Wengine walivuka daraja la Mto Tana pale Garissa, na hapo abiria wazee walisema neno ambalo watu wa huko wamelisema tangu enzi eneo lao lilipokuwa wilaya iliyofungwa, na chini ya hali ya hatari iliyodumu hadi 1991: sasa tunaingia Kenya. Mtoto mwenye kitambulisho cha shule ya Kenya, aliyeimba wimbo wa taifa wa Kenya kila asubuhi ya gwaride, aliusikia usemi huo na kutazama dirishani aone Kenya inaanzia wapi. Aliona migomba. Ile ya kwenye kitabu.

Mwaka 1996 Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya lilifanya Garissa jambo ambalo lingepaswa kumfikia kila mwandishi wa vitabu vya shule. Magari yalikuwa yakinasa mchangani, basi maktaba ikapandishwa juu ya ngamia. Ilianza na ngamia watatu: mmoja wa masanduku ya vitabu, wengine wa hema na vifaa. Baadaye huduma hiyo ilifika Wajir pia. Sifa zake zilivuka bahari. Mwandishi Mmarekani Masha Hamilton aliitungia riwaya, The Camel Bookmobile, mwaka 2007. Picha zake zimepigwa na watu wa mataifa mengi, na wageni hupenda kuwapiga watoto wakiwa wameshika vitabu.

Lakini mpiga picha huwa amechelewa. Msafara unapotua, ngamia wanapigishwa magoti, masanduku yanafunguliwa, mkeka unatandikwa chini ya mgunga, na watoto wa wafugaji hawaendi kwenye vitabu. Wanakwenda kwa ngamia. Wanamzunguka. Mmoja anatazama meno kukadiria umri. Mwingine anatafuta chapa kwenye ngozi ajue ametoka ukoo gani. Wa tatu anasema kamba ya mzigo imefungwa vibaya na ataumia nundu, na msimamizi wa maktaba, ambaye ana shahada ya kazi yake, anasogea kumsikiliza. Ubishi unapokwisha, na ngamia amekwisha kupewa lakabu, ndipo wanaketi. Kila mmoja anachukua kitabu chake, cha sungura, cha papa, cha treni, na mmoja wao, mwenye mkono wa kushoto, anakifungua kutoka nyuma.